Bibi wa Chumba cha Tatu

Ninyi mliobaki kazini mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini katikati ya chumba cha tatu hapana kitu. Wageni nao huuliza, maana sakafu pale ina rangi iliyokoza kuliko sehemu nyingine, na mtu akiingia hujikuta anapazunguka badala ya kupakanyaga. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikijibu kwa kifupi, kwa sababu nyuma yangu palikuwa na darasa zima linasubiri. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Uyole, nimepanda viazi ambavyo havinihitaji sana. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Siku niliyoripoti kazini ilikuwa ya mwezi wa saba. Basi liliniteremsha Ipogolo na begi langu, na kutoka pale nikatafuta usafiri wa kupanda mjini. Mimi ni binti wa Uyole, nilidhani baridi naijua. Nilipofika juu Iringa upepo ulinipokea kwa namna ambayo niliiona ni ya kukosa adabu. Nilikuwa nimeajiriwa kama mhudumu wa makumbusho, na nilichojua kuhusu makumbusho ni kwamba ni nyumba yenye vitu vya zamani na mlango unaofungwa mapema.

Nyumba mnaifahamu. Ni ile ile ya mawe, iliyojengwa na familia ya wafanyabiashara wa Kihindi waliohamia Dar es Salaam wakaiacha itumike kwa elimu. Ina vyumba vitatu na stoo. Kilichonishangaza ni kwamba karibu kila kitu kilichokuwemo kilitoka sehemu moja, kisiwa cha Fukuni, kule pwani ya kusini, ambako karne nyingi zilizopita palikuwa na mji wa nyumba za mawe, msikiti, visima, na watu waliokula kwenye bakuli zilizoletwa na majahazi kutoka Uchina na Uajemi. Watafiti walichimba pale miaka mingi. Ghala walilokuwa nalo pwani lilikuwa linavuja, na hewa ya chumvi ilikuwa inakula chuma na sarafu kama dumuzi anavyokula mahindi. Mtu fulani akakumbuka kwamba Iringa kuna nyumba ya mawe, kavu, ya baridi, isiyo na mtu. Ndivyo mji wa kisiwani ulivyopandishwa mlimani na kuwekwa chini ya ulinzi wa watu ambao wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza maji ya bahari yana rangi gani. Nilimwambia inategemea, nikahamia kwenye kabati linalofuata.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Luvanda. Wakati ule hakuwa mzee bado, lakini kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa Mbena, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, mrefu, wa maneno machache. Alianza kule kule Fukuni kama kibarua wa kubeba udongo, mizigo ilipopandishwa Iringa akapanda nayo, akabaki.

Asubuhi yangu ya kwanza alinipa beseni, brashi laini na kigae cha chungu.

"Onja," akasema.

"Nionje nini?"

"Hicho kigae. Weka ncha ya ulimi."

Nilijua kazini wageni hufanyiwa utani, nikaamua kuukubali ili uishe. Nikaonja. Kilikuwa na chumvi kali kama dagaa.

"Hiyo ndiyo kazi yetu," akasema bila kucheka. "Kuitoa bahari humu ndani. Usipoitoa, chumvi itakuja juu yenyewe, chungu kitapasuka kimekaa kabatini, na utasingizia panya."

Tulikuwa tunakinga maji ya mvua kwenye mapipa, tunaloweka vigae, tunabadilisha maji, tunaloweka tena, mpaka ulimi usipate kitu. Siku hizi mna kipimo cha kutumbukiza majini, kitumieni, msifuate mfano wangu. Ila nataka mjue kwamba mimi niliila bahari ya Fukuni miaka mingi kabla ya kuiona.

Jambo la pili alilonifundisha ni gundi. Alisema usiunge kitu kwa gundi ambayo huwezi kuifungua, kwa sababu leo unadhani umepatia na kesho atakuja mwenzako na kipande ulichokikosa. Gundi yetu ilifunguka kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na tuliitumia kwa wingi. Tulikuwa tunainunua kwa Mama Shirini, mwenye duka la vipodozi karibu na soko. Kwa muda mrefu aliamini kwamba Mzee Luvanda ana mabinti wengi na wote wanapenda mambo ya mjini. Siku niliyotumwa mimi, alizitazama kucha zangu, zilizokuwa na tope na mpasuko, akanifungia chupa kwenye gazeti bila kuuliza lolote. Nadhani alinihurumia.

Sasa nije kwa Bibi.

Alikuwa stoo, kwenye masanduku ya mbao, na mimi nilifanya kazi pale karibu mwaka mzima bila kujua kuna nini ndani. Mzee Luvanda ndiye aliyenieleza. Kule Fukuni, wakati wa uchimbaji, bahari ilikuwa inaumega ukingo wa kisiwa upande mmoja, na kila maji yakijaa kipande cha ardhi kinaondoka. Asubuhi moja aliona kitu kinachungulia kwenye udongo uliokatwa, akadhani ni mzizi wa mti. Alipokishika akajua ni mguu wa mtu. Lilikuwa kaburi la kale, halina alama. Watafiti walipima, wakapiga picha, wakachora, na kwa kuwa maji yalikuwa yanarudi, wakamtoa kwa haraka. Aliyeshuka kwenye shimo na kupandisha kila mfupa kwa mikono yake alikuwa yeye Luvanda.

"Maji yalikuwa yamefika hapa," akaniambia, akishika goti lake. "Siku ya pili pale mahali hapakuwepo."

Mkuu wetu wa wakati ule aliamua kwamba Bibi awekwe katikati ya chumba cha tatu, ndani ya kabati la vioo, ili wanafunzi waone kwamba mji ule ulikuwa na watu na si bakuli tu. Tulifanya kazi hiyo msimu mzima wa mvua. Tulitumia vijiti vya mianzi, ile ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, kwa sababu chuma hukwaruza mfupa. Mzee Luvanda alikuwa akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini, na kila alipotaka kugeuza kitu alisema, "Samahani, Bibi, tunakugeuza kidogo." Mara ya kwanza nilicheka. Kufikia mwisho wa mvua nilikuwa nasema hivyo hivyo, na sikumbuki nilianza lini.

Daktari mmoja wa mifupa aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Tosamaganga alikuja Jumamosi kadhaa kutusaidia kuelewa tulichokuwa nacho. Hakutaka chochote, alisema ni mgonjwa wake wa kwanza asiyelalamika. Aliyotuambia nimeyasimulia kwa wanafunzi wa Kilolo, wa Mufindi, wa Mbeya, mpaka nikawa nayasema nikiwa nawaza mambo ya nyumbani. Watoto waliacha kuliita jengo letu makumbusho. Waliliita Kwa Bibi. Barabarani ungesikia mtoto anamwambia mwenzake, "Sisi Ijumaa tunaenda Kwa Bibi." Msichana mmoja aliwahi kuniuliza kama Bibi alikula ugali, na nilipomwambia huenda alikula mtama na samaki akasikitika kweli kweli.

Sitaficha kwamba tulimwonea fahari. Mgeni akiingia, Mzee Luvanda angemwacha apite vyumba viwili vya kwanza peke yake, lakini cha tatu aliingia naye. Alisimama pembeni na mikono nyuma, kama mtu aliyeleta mgeni kwa mama yake.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi, na basi la shule kutoka Mbeya lilikuwa limeegeshwa nje, watoto wamepanga mstari. Kabla sijawaingiza walifika wageni wawili, mama mtu mzima aliyevaa doti ya kanga na sweta la kuazima, na kijana mwenye kofia. Nilimwamkia kwa mazoea ya Iringa, "Kamwene," kisha nikajirekebisha, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya kwanza sikuisikia vizuri, lakini nimeipokea."

Alijitambulisha kuwa ni Bi Somoe, na kijana ni mtoto wa dada yake, Ustadhi Hamadi. Alikuwa Iringa kumwona binti yake aliyeolewa na mfanyabiashara wa hapa mjini. Binti ndiye aliyemwambia kwamba kuna nyumba ina vitu vya Fukuni. Na yeye alizaliwa Fukuni, na alikuwa akiishi Fukuni hata siku ile.

Katika miaka yote sikuwahi kumpokea mtu wa Fukuni. Niliwaambia walimu wa Mbeya wanivumilie kidogo, nikaingia naye mwenyewe. Vyumba viwili vya kwanza alifurahi. Alisimama mbele ya vyungu akasema bibi yake alikuwa nacho kinachofanana na kile pale, na alipokufa kikavunjwa na mbuzi. Aliona picha ya kisima akasema bado wanachota. Mimi nilijisikia kama mtu anayemrudishia mwenzake shati lililosahaulika kwenye kamba, safi, limepigwa pasi.

Tukaingia cha tatu.

Alisimama hatua chache tu ndani ya mlango. "Huyu nani?"

Nikaanza maelezo yangu, mwanamke mtu mzima, umri wa makamo, kaburi la kale.

"Sijakuuliza umri," akasema kwa upole. "Nimeuliza nani."

"Jina lake hatulijui, bibi."

Akasogea karibu na kioo. Ustadhi Hamadi alibaki mlangoni, ameinamisha macho.

"Mmemlaza ubavu wa kulia," akasema Bi Somoe.

"Ndiyo. Alikutwa hivyo."

"Hilo nawashukuru. Lakini anatazama mlango badala ya kibla. Na hana hata kitambaa." Akanigeukia. "Mwanangu, wale watoto walio nje, wanaletwa humu kumwona?"

"Ndiyo, bibi."

Alikaa sakafuni, pale pale, akakunja miguu kama mtu aliyefika msibani. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeiona hasira ningejua la kufanya, maana tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kumtuliza mgeni mwenye hasira. Hatukuwa tumefundishwa chochote kuhusu mgeni anayekaa chini na kufunga macho.

Kisha akasema, "Mfunike, mwanangu. Ni mtu mzima."

Nilikuwa nimejitanda kitenge juu ya sweta. Nikakivua nikakitandaza juu ya kioo. Hakikutosha, miguu ilibaki wazi. Bi Somoe akainuka, akavua kanga yake ya juu, tukaunganisha. Kwa vitambaa viwili alifunikwa.

Nikatoka nje nikawaambia walimu kwamba chumba cha tatu leo kimefungwa. Mwalimu mmoja akaniambia, "Dada, tumetoka Mbeya alfajiri. Watoto wamekuja kwa ajili ya Bibi, hivi vyungu hata kwao vipo." Nikamwambia namwelewa. Watoto walinitazama kama niliyewanyima chakula.

Mzee Luvanda alikuwa stoo. Alisikia minong'ono akaja, akaona kabati limefunikwa na mama asiyemjua amekaa chini.

"Nani amefunika?"

"Mimi."

"Fungua. Watoto wapo nje."

"Sitafungua, Mzee. Si leo."

Hakuwa amezoea kuniambia kitu mara mbili. Alinitazama, akamtazama Bi Somoe, akatoka, na akaondoka jengoni kabisa. Msimu wote wa mvua uliofuata hakunisemesha isipokuwa kwa sababu ya kazi. Nipe brashi. Maji haya yabadilishwe. Tulikuwa tunakaa meza moja, mabeseni mawili. Nilimzoea kwa ukimya wake, lakini huu ulikuwa mwingine.

Miezi ikapita, Bi Somoe akarudi na wazee wawili wa Fukuni na ombi rasmi kwamba Bibi arudishwe akazikwe. Mkuu wetu aliitisha kikao katika chumba cha kwanza, katikati ya vyungu. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa heshima kwamba Bibi ndiye anayewafanya watoto wapende historia, kwamba anatunzwa vizuri, kwamba akirudi pwani atarudi kwenye bahari ile ile iliyotaka kumchukua. Kisha akamgeukia Mzee Luvanda.

"Mzee, wewe ndiye uliyemtoa. Waeleze wenzetu hali ilivyokuwa."

Sote tulijua atasemaje. Mzee Luvanda alisimama, akashika kiti chake kwa nyuma.

"Mimi nina swali kwa mama," akasema. "Mkimchukua, mtamlaza wapi?"

"Makaburini kwetu, nyuma ya msikiti," Bi Somoe akajibu. "Ni juu. Maji hayafiki."

"Nani atamwangalia? Maana hana mtoto, hana mjukuu anayejulikana."

"Mimi nimeshaonyesha mahali pangu, karibu na marehemu mume wangu. Yeye tutamweka upande wangu wa pili. Siku zangu zenyewe si nyingi. Nitakuwa jirani yake."

Nilimwona Mzee Luvanda anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo.

"Basi," akasema, "siku hiyo ikifika, nitamfunga mimi. Msimpe mtu mwingine."

Akakaa. Mkuu akasema atapeleka suala hilo ngazi za juu. Na kwa kweli alilipeleka, namshukuru kwa hilo.

Siku iliyofuata tulikuwa kwenye mabeseni yetu. Akaniambia bila kuinua macho, "Siku ile ya kitenge nilidhani unaniambia nilimtendea vibaya."

"Sikusema hivyo, Mzee."

"Najua. Ungesema, ningekujibu. Nilimtoa kwa sababu bahari ilikuwa inamla. Ningemwacha?"

"Usingemwacha."

"Basi." Akabadilisha maji. "Kitenge chako kiko kabatini kwangu. Nimekifua."

Mkitaka kujua ngazi za juu ziko juu kiasi gani, subirini jibu lao. Tulingoja mpaka nikazoea kungoja. Kwa wakati wote huo kabati lilikuwa na pazia jeusi, na wanafunzi walioletwa walilitazama pazia kwa hamu kubwa kuliko walivyowahi kumtazama Bibi mwenyewe. Mkuu alihamishwa, akaja mwingine. Mzee Luvanda akastaafu. Tulimfanyia sherehe ya soda na keki, akatoa hotuba fupi kuliko sala ya chakula, akaenda Ilula kulima nyanya.

Kibali kilipofika nilimfuata mwenyewe Ilula. Nilimkuta shambani, amevaa koti lake lile lile la kazini. Alikuwa amezeeka. Nilimwambia kibali kimekuja, akaendelea kufunga mti wa nyanya kwenye kijiti mpaka akamaliza.

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi," akasema.

"Nitakuwepo, Mzee. Utaniambia, nitashika."

"Sikusema siji. Nimesema inatetemeka."

Tulimfunga Bibi kwa siku mbili, milango imefungwa. Kila mfupa kwenye pamba na karatasi laini, kila kifurushi kwa mpangilio wake. Mikono yake haikutetemeka. Ilitetemeka wakati wa chai, kikombe kikigongana na sahani, lakini kwa Bibi haikutetemeka hata kidogo. Tulipomaliza alifuta kabati la vioo lililobaki tupu, ndani na nje, ingawa lingeondolewa kesho yake.

Safari yetu ilianza asubuhi kwa gari la ofisi, mimi, yeye na dereva. Tulipoanza kuteremka Kitonga, zile kona zinazofanya hata malori yaonekane yanafikiri mara mbili, alihamia kiti cha nyuma akakaa akiwa amelikumbatia sanduku. Dereva akasema, "Mzee, limefungwa kwa kamba, haliendi popote." Alilikumbatia mpaka kule chini tulipofika kwenye joto.

Nimeulizwa na ndugu zangu wa Uyole bahari ikoje. Tulilala njiani, na kesho yake niliiona kwa mara ya kwanza, na nitasema ukweli, nilichokigundua kabla ya rangi ni harufu. Nilikuwa naijua. Ilikuwa harufu ya beseni langu la kwanza. Mashua ya injini ilituvusha na sanduku katikati, na wanaume wa Fukuni wakalipokea ufukweni bila kelele. Ustadhi Hamadi alituketisha akatueleza kwa utaratibu yatakayofanyika na yasiyofanyika, ili tusije tukashangaa. Mzee Luvanda alisikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali mawili kuhusu namna ya kushika sanda. Kisha akaondoka na wanaume kuelekea makaburini.

Mimi nilibaki nyumbani kwa Bi Somoe na wanawake. Nyumba ilijaa, mpaka uani. Nilikaa kwenye mkeka, nikiogopa Kiswahili changu cha bara kisije kikaniaibisha. Wanawake wale walikuwa wamekuja kwenye msiba wa mtu ambaye hakuna aliyemfahamu, na niliona wanavyohangaika, maana msibani watu huzungumza habari za marehemu na wao hawakuwa nazo.

Bi Somoe akaniambia, "Mwanangu, hapa wewe ndiye uliyekaa naye muda mrefu. Tuambie alikuwa mtu wa namna gani."

Yale maneno niliyowaambia wanafunzi miaka nenda miaka rudi yalikataa kutoka. Nikaanza upya. Nikawaambia kwamba alikuwa mfupi, mfupi kuliko mimi. Kwamba alikuwa na meno mazuri, ila alitafunia upande wa kushoto kwa sababu jino moja la kulia lilimuuma. Kwamba magoti yalimsumbua siku zake za mwisho, kama yanavyomsumbua mtu aliyechuchumaa sana jikoni au aliyepanda sana kutoka kisimani na mtungi. Mama mmoja akashika goti lake akasema, "Kisima kile kile." Nikawaambia kwamba alipokuwa msichana alivunjika mkono wa kushoto, hapa, juu ya kiwiko, na daktari wetu alisema mfupa ule uliunga vizuri sana. Hauungi vizuri wenyewe. Alikuwepo mtu aliyemfunga vijiti, akamlisha, akambebea mtungi mpaka akapona. Nikasema kwamba jina lake sijui, lakini najua alipendwa, mkono wake unaonyesha.

Kisha mama mmoja mzee kule pembeni akasema Mungu amrehemu, na wote wakaitikia, na ndipo wakaanza kulia, kwa sauti ndogo, kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa. Nami nililia nao. Sikuwa nimewahi kulia kazini kabla ya hapo, na ile ilikuwa kazi.

Wanaume walirudi jua likiwa limeanza kupungua ukali. Mzee Luvanda alikuja nyuma yao, suruali ina udongo magotini. Akakaa kwenye baraza, akaomba maji ya kunawa.

"Wameniacha niwapokeze," akaniambia. "Ustadhi alikuwa ndani ya kaburi, mimi juu. Nimempa kifurushi kimoja kimoja. Nilikuwa najua kipi kinafuata."

"Anatazama wapi, Mzee?"

"Kunakotakiwa. Nimehakikisha."

Bi Somoe alitoka ndani na jagi la maji. Alimmiminia mikononi yeye mwenyewe, akangoja amalize kunawa. Watu walikuwa wanapeana mikono na kuambiana yale yanayosemwa msibani, lakini sisi wawili tulikuwa wageni, watu wa ofisi, na tulikaa kando kama wageni wanavyokaa. Bi Somoe akaweka jagi chini, akamshika Mzee Luvanda mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole kwa msiba, kaka yangu," akasema.

Mzee Luvanda alijibu kama mtu mwingine yeyote angejibu. "Nimeshapoa, dada." Lakini hakuwa amepoa, na mkono haukuachiwa, na tulikaa naye pale barazani, Bi Somoe upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka chai ikaletwa.